Ulimi Wetu na Sahani ya Mwanamichezo

Watoto wetu wa Bariadi, Maswa na Meatu wanapojiandaa kwa mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, sisi wazee hutazama ushindi tu. Neno moja la mzaha, "umekuwa mzito", likitoka kwa kocha, mzazi au rafiki, laweza kumfanya binti aogope ugali. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza kwamba mwanamichezo asiyekula kwa kadiri ya jasho lake huweza kudhoofika mifupa, na binti kukosa hedhi. Hilo si ushupavu, bali ni onyo. Mwili ni amana. Basi tuzuie ndimi zetu, tule nao pamoja ugali, choroko na maziwa, na tukiona hofu ya chakula tuwapeleke kwa daktari. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.