Kichwa cha Mangi Meli: Msiba Huisha Lini?

Wazee wetu wa Mwika, wanataaluma wenzangu: ipo hoja isemayo kwamba msiba wa ukoo wa Mangi Meli, mmoja wa watawala wa Wachaga, ulianza na kwisha tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walipomnyonga Old Moshi, akiwa mmoja wa viongozi 19 walionyongwa. Lakini hoja hiyo, kwamba mfu ni mfu na kichwa chake, kinachosimuliwa kukatwa na kupelekwa Ujerumani, hakizidishi msiba, siwezi kuiacha ipite.

Kosa lake ni kupima msiba kwa saa ya mnyongaji. Kwa Mchaga wa zama zile, maziko yalikuwa na hatua mbili: mwili ulizikwa, kisha baada ya muda mifupa ikafukuliwa, na fuvu likawekwa mgombani penye mimea ya masale, marehemu akawa mzee wa kuombwa na kutambikiwa. Kitanzi kilimwondolea mtoto wa Meli baba. Aliyechukua kichwa alimnyima njia ya kumfanya baba huyo mhenga. Hayo ni mapigo mawili, na la pili halina tarehe ya kuisha. Mtaniambia kwamba sisi ni Wakristo na mafuvu hayafukuliwi tena. Kweli, ufukuaji umekoma, lakini kaburi halikuhama kihambani, kwenye shamba la ukoo. Majeneza bado yanasafirishwa zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam hadi Mwika, ingawa makaburi ya Kinondoni yako jirani. Watu hawagharimiki hivyo kwa jambo lililokwisha mtu alipokata roho.

Pingamizi zito zaidi ni la ushahidi: kwamba habari ya vichwa kupelekwa Ujerumani ni simulizi tu za wazee. Hapa naomba tutue, maana hakuna chanzo ninachokithamini kuliko matokeo ya vinasaba yaliyotangazwa Berlin Septemba 2023. Katika mafuvu manane yaliyohifadhiwa Berlin na kulinganishwa na vinasaba vya watu walio hai Tanzania, matatu yalipata jamaa. Moja lilikuwa limeandikwa jina Akida, na likaoana na mzawa wa Akida, mshauri wa Meli. Simulizi iliyodharauliwa ikathibitishwa na matokeo yaliyotangazwa na wale wale waliohifadhi mafuvu. Kichwa cha Meli hakikupatikana, licha ya mjukuu wake, Isaria Meli, kukitafuta kwa miaka mingi. Matokeo ya vinasaba hayathibitishi kwamba kichwa chake kilifika Berlin, nakiri. Ila yanawanyima wapinzani haki ya kuwaita wazee watunga hadithi.

Basi msimamo wangu unabaki: kifo huchukua dakika, msiba hufungwa na maziko. Kwa hiyo mafuvu yatakaporejeshwa, yakabidhiwe koo zenye vihamba. Kuyahamisha kutoka rafu ya Berlin hadi rafu ya makumbusho ya Dar es Salaam ni kubadilisha mtunzaji tu, na wafiwa watabaki walipo.