Wakili Aliyeketi Mezani

Hotuba kwa wakazi wa Cheptiret kuhusu upatanishi wa migogoro



Barabara ya kwenda Burnt Forest kila mmoja hapa anaijua, na wengi wanakumbuka ilivyokuwa Januari 2008: barabara zimefungwa, nyumba zinaungua, jirani anamkimbia jirani. Wakati huo, katika hoteli ya Serena jijini Nairobi, watu wanane waliketi mbele ya Kofi Annan, wanne kila upande. Mmoja wao alikuwa wakili Mutula Kilonzo.

Kilonzo alitoka Mbooni, Makueni. Alisomea sheria Dar es Salaam, akawa wakili wa Rais Moi, akateuliwa mbunge na KANU, kisha akachaguliwa Mbooni Desemba 2007. Kazi zote mbili zilikuwa za mashindano: kortini mmoja hushinda, na kwenye kura vilevile. Hata Serena hakuwa mpatanishi, bali aliutetea upande wa serikali. Lakini pale mezani ushindi wa upande mmoja haungezima moto. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008.

Mwaka 2009 Kilonzo akawa Waziri wa Haki. Alikuwa katika wizara hiyo wananchi walipopitisha Katiba mpya tarehe 4 Agosti 2010. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama zikuze upatanishi pamoja na njia za jadi. Mwaka 2013 alichaguliwa Seneta wa kwanza wa Makueni, akaaga dunia Aprili mwaka huohuo. Hakuuona mpango wa upatanishi ulioanzishwa na mahakama Nairobi mwaka 2016, ambao baadaye umefika hadi Eldoret.

Mpango huo unatuhusu vipi? Ndugu wawili wakigombania shamba la marehemu baba yao, kesi inaweza kuchukua miaka, na shamba likauzwa kulipa gharama. Kesi ikipelekwa kwa upatanishi, wahusika huketi na mpatanishi aliyeidhinishwa. Yeye hatoi hukumu, bali huwasaidia wasikilizane. Yanayosemwa humo ni siri. Wakikubaliana, makubaliano yao husajiliwa kortini na kuwa na nguvu ya hukumu. Wakishindwa, kesi hurudi kwa hakimu au jaji, na hakuna aliyepoteza haki yake.

Wazee wetu wamepatanisha watu chini ya mti tangu zamani, na Katiba inawatambua. Lakini kifungu hichohicho kinaweka mpaka: njia za jadi zisivunje haki za binadamu. Binti wa marehemu ana haki ya urithi kama kaka yake. Kikao kinachogawa shamba bila yeye hakijamaliza ugomvi. Kimeuahirisha tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza ng'ombe kulipia kesi, uliza kwenye masjala ya mahakama kama kesi yako inafaa kwa upatanishi. Ukishaitwa, nenda mwenyewe, na umsikilize jirani yako hadi amalize.