Taya la Mtoto Likaguliwe Mapema

Msikilizaji wa Bukoba na Muleba, habari za vyuma vya kunyoosha meno mara nyingi huulizwa mtoto akiwa sekondari, ilhali uangalizi ulipaswa kuanza akiwa na miaka 6 au 7. Umri huo gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhani la utoto. Likioza likang'olewa, halioti jingine. Wapo wasemao meno ya utoto yatang'oka tu, ya nini kuyahangaikia? Yatang'oka, ndiyo, lakini gego la utoto hulinda nafasi ya jino litakaloota kwenye miaka 10 hadi 12. Likitolewa mapema, gego la nyuma huinamia mbele na jino linalokuja hukosa pa kupita. Inasikitisha zaidi mtoto mchanga anapochimbwa fizi kwa imani kwamba anahara kwa sababu ya "meno ya plastiki": kuhara hakuponi, na chonge za baadaye huharibika.

Mtasema vyuma ni ghali. Ni ghali kweli, lakini kukagua si kuvaa vyuma. Mwanya wa meno ya mbele ya juu katika miaka 8 mara nyingi hupungua chonge zikiota, msiuharakishie. Anayehitaji daktari mapema ni mtoto ambaye taya huhamia upande akiuma, ambaye meno ya juu huangukia ndani ya yale ya chini, au anayeendelea kunyonya kidole baada ya miaka 4. Mlioko Muleba, ulizeni kwanza hospitali ya Rubya au ya Ndolage. Mlioko Bukoba, nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa kabla mtoto hajatimiza miaka 8.