Habari ya Akiba ya Kanisa

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi walimu, tumepewa kunena juu ya fedha, neno ambalo watu hupenda lipite upesi. Sisi twaona yafaa tukae nalo kidogo.

Wamisionari wa C.M.S. walipofanya kazi Mamboya, katika milima ya Ukaguru, miaka ya 1880, gharama zao zilitegemea michango ya Uingereza. Hata ilipoingia vita ya 1914, Wajerumani wakawafunga wamisionari Waingereza Tabora mpaka 1916, na msaada ukakatika. Rupia za karatasi zilizochapwa humu nchini wakati ule zilikuja kupotewa na thamani, hata mwenye sanduku lililojaa akawa sawa na mwenye sanduku tupu. Baada ya vita C.M.S. ya London ilipungukiwa, na mwaka 1927 kazi ikapokewa na ndugu wa Australia pamoja na Askofu George Chambers. Haikupita miaka mingi, bei za mazao zikaanguka dunia nzima.

Basi, anayekula kwa mkono wa mtu mmoja hulala njaa siku mkono ule uuguapo. Lakini hata sadaka zetu wenyewe zina majira. Mahindi na ufuta vikivunwa, mwezi wa Juni na Julai, kikapu hujaa. Ifikapo Februari mtu hununua unga kwa deni. Mabati yanayovuja hayangoji Julai, wala posho ya mlinzi. Kwa hiyo fedha tunayoiona mwezi wa Agosti si akiba. Ni chakula cha Machi. Akiba ni ile inayobaki miezi yote 12 ikiisha kuhesabiwa. Hapo ndipo vyama vingi vidogo hudanganyika, navyo vina daftari safi kabisa!

Maji ya Mkondoa yalipoingia Kilosa, mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, maelfu wakakaa katika mahema. Maji hayakungoja mavuno.

Wako wasemao kwamba kuweka fedha huku maskini yu mlangoni ni ubahili. Neno hili ni zito, wala hatulipuuzi, maana akiba isiyo na mpaka huwa ubahili kweli. Ndiyo sababu twaomba mpaka uandikwe: matumizi ya miezi 3 yakae benki, yasitolewe ila kwa sahihi za watu 3, na hesabu isomwe mbele ya wote. Yazidiyo hapo yaende kwa wahitaji mwaka uo huo. Wazee wakikubali, tutaanza na sadaka ya mavuno yajayo.