Kuishiwa Pumzi Si Uvivu

Hapa kwetu Umoja na Kayole tunawasikia watu wakimcheka mgonjwa wa kisukari akipumzika kwenye ngazi za ploti. Jamani, huo si uvivu! Katika kisukari cha aina ya pili, mara nyingi damu huchelewa kufikisha oksijeni kwenye misuli, na misuli yenyewe haiitumii vizuri. Ndiyo sababu anachoka upesi.

Lakini mazoezi hurudisha nguvu. Tumwone daktari kwanza, kisha tutembee dakika 10, tukiongeza hadi 30, siku 5 kwa wiki. Tuvae viatu, tukague nyayo. Anayeumwa kifua asimame, apelekwe hospitali.

Tukitembea kama kikundi, anayeenda polepole ndiye atangulie.