Paka Kakukwaruza? Usipuuze, Usitaharuki

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari)

Leo tuzungumze kuhusu rafiki yetu paka. Naona wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, lakini kila mmoja aangalie mikono yake. Nani hajawahi kupata hata alama moja ya kucha za paka?

Paka tunaishi naye. Yuko nyumbani, yuko jikoni shuleni, na bila yeye stoo ya mahindi na maharage ingekuwa mali ya panya. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mumfukuze. Nimekuja kuwaambia kwamba kucha na meno yake vinaweza kukuachia ugonjwa, na kwamba kinga yake ya kwanza ni maji na sabuni.

Upo ugonjwa uitwao homa ya mkwaruzo wa paka. Madaktari wa Ufaransa waliueleza mwaka 1950, na bakteria anayeuleta alipewa jina lake la kitaalamu, henselae, mwaka 1992. Anafikaje kwako? Kwa viroboto! Kiroboto hufyonza damu ya paka mwenye vijidudu, kisha huacha kinyesi chake kwenye manyoya. Paka akijikuna, uchafu ule huingia kwenye kucha. Akikukwaruza, vijidudu hupenya kwenye ngozi yako. Paka mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Na watoto wa paka, hao hao mnaopenda kucheza nao, ndio wanaoeneza zaidi.

Sasa dalili zake. Baada ya siku 3 hadi 10 hivi, kipele kidogo kinaweza kutokea pale ulipokwaruzwa. Baada ya wiki 1 hadi 3, tezi za karibu na hapo huvimba na kuuma. Ukikwaruzwa mkononi, huvimba kwapani; ukikwaruzwa mguuni, huvimba kwenye kinena. Unaweza pia kupata homa, kichwa kuuma, uchovu na kukosa hamu ya kula.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mwanafunzi akionekana na uvimbe kwapani au shingoni, bweni zima linanong'ona: "Huyo kakanyaga miwaya!" Naye mwenyewe anavaa sweta juani ili afiche uvimbe. Zahanati haendi, maana anaogopa atakachoambiwa.

Jamani, tezi ni walinzi wa mwili. Huvimba zinapopambana na vijidudu, na vijidudu hivyo ni vya aina nyingi. Kidonda kilichooza huvimbisha tezi. Maumivu ya koo huvimbisha tezi. Kifua kikuu huvimbisha tezi, na VVU vilevile. Hakuna mtu, awe rafiki yako au jirani yako wa kitanda, anayeweza kumtazama mwenzake kwapani akajua ni kipi kati ya hivyo. Anayejua ni mtaalamu, baada ya kukuuliza na kukupima. Ndiyo maana ukifika zahanati usisahau kusema, "Nilikwaruzwa na paka." Maneno hayo machache yanaweza kumsaidia sana daktari.

Habari njema ni kwamba kwa kijana mwenye afya, homa hii kwa kawaida hupona yenyewe, ingawa tezi zinaweza kukaa miezi kadhaa kabla ya kurudi hali yake. Daktari akiona inafaa, atakupa dawa ya kuua bakteria. Na haiambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mwenzako.

Lakini kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, kwa mfano anayeishi na VVU na hatumii dawa, bakteria huyu anaweza kusambaa mwilini. Vivimbe vyekundu hutokea kwenye ngozi, na hata ini huweza kuathirika. Nayo hiyo inatibika, mradi mgonjwa awahi. Je, anayejificha atawahi? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Paka pia anaweza kuwa nacho, hasa asiyechanjwa. Dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini ukiwahi chanjo kabla ya dalili, unaokoka. Kwa hiyo paka akikung'ata au kukukwaruza, fanya hivi:

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Hakuna bomba? Mwenzako akumiminie kwa kopo.

2. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

3. Mwambie matroni, mwalimu au mzazi, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri uone kama paka ataugua. Mtaalamu ndiye atakayeamua kuhusu chanjo ya kichaa na ya pepopunda.

4. Ukianzishiwa chanjo, maliza sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa, hata kama jeraha limeshapona.

Na kabla hayo hayajatokea, msimchokoze paka anapokula wala anaponyonyesha. Msimruhusu alambe vidonda vyenu. Mwenye paka nyumbani ampeleke kuchanjwa, na amuulize mtaalamu wa mifugo dawa ya viroboto iliyo salama kwa paka.

Haya, wiki hii angalieni bwenini kwenu: sabuni ipo? Maji yapo? Na yupo mwenzenu anayeficha uvimbe chini ya sweta? Huyo msimnong'one. Msindikizeni zahanati.