Cheti cha Mashine na Hatima ya Mtafiti: Fursa za Kitaaluma katika Mekanika ya Mango na Maunzi Mapya

Mada kwa semina ya wahadhiri vijana na wanafunzi wa uzamili wa uhandisi



Ufafanuzi wa istilahi nitaupita haraka, maana wengi humu ndani mnalifundisha somo lenyewe. Mekanika ya mango huuliza kitu kigumu kinabeba mzigo kiasi gani, kinapinda vipi na kinavunjika lini. Robert Hooke alichapisha kanuni yake ya springi mwaka 1678. Mwaka 1920 A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo hupasuka kwa nguvu ndogo kuliko inavyotarajiwa: nyufa ndogo zilizomo ndani yake. Maunzi mapya ni yale ambayo tabia zake hupangwa kabla ya kutengenezwa, kama aloi, seramiki, plastiki zilizoimarishwa kwa nyuzi na, kwetu, mseto wa katani. Inatosha.

Fursa zilizopo

Anayetaka kuanza kama mkufunzi msaidizi katika vyuo vya Tanzania hudaiwa GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Kwa shahada ya uzamivu upo mfuko wa kikanda wa PASET-RSIF, unaoratibiwa na taasisi ya utafiti ya icipe, Nairobi, ambao umeweka madini na uhandisi wa maunzi katika maeneo yake matano ya kipaumbele. Shirika la DAAD hufadhili wanaokwenda Ujerumani na pia wanaosomea hapa hapa Afrika. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya humwajiri mtafiti kwa mkataba, awe raia wa nchi yoyote, mradi hajaishi katika nchi inayompokea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Mwombaji wa Mbeya au Eldoret hana cha kuhofia katika sharti hilo.

Nafasi za kwenda kusoma, basi, zipo. Kikwazo humngoja mtu anaporudi, na muda uliobaki naomba niutumie hapo.

Tatizo la uhakiki

Daktari wetu mpya anarudi, anapangiwa vipindi, anaingia maabara na kukuta mashine ya kuvuta sampuli. Inawaka, inavuta, inatoa namba. Kinachokosekana ni cheti cha uhakiki. Kiwango cha ISO 7500-1 kinapendekeza kipimo cha nguvu cha mashine hizi kihakikiwe kila baada ya muda usiozidi miezi 12, na kinataka mashine ya daraja la 1 isikosee zaidi ya asilimia 1. Mashine yenye cheti cha miaka sita iliyopita huenda bado ni sahihi kabisa. Nani atalithibitisha hilo mbele ya mhariri wa jarida?

Ekstensomita, kifaa cha kupima urefukaji wa sampuli yenyewe, ikiharibika hali huwa mbaya zaidi. Wengi huamua kusoma mwendo wa kichwa cha mashine, kumbe mwendo huo umebeba pia kunyumbulika kwa fremu na kuteleza kwa vibanio. Moduli ya Young inatoka ndogo kuliko ilivyo, na kadiri sampuli inavyokuwa ngumu ndivyo kosa linavyokua. Nimesoma tasnifu za namna hiyo. Hesabu safi, michoro mizuri, namba za uongo.

Chukueni katani, zao lililofika Tanga mwaka 1893. Nyuzi zake hazilingani nguvu hata zikitoka jani moja, kwa hiyo mtafiti hulazimika kuvuta nyingi na kutumia takwimu za Weibull. Uzi mmoja hukatika kwa nyutoni chache tu. Sasa mpe mtu seli ya mzigo ya kilonyutoni 100, iliyonunuliwa kwa ajili ya nondo, halafu umwambie apime uzi huo!

Chanzo cha haya ni ukosefu wa kasma, yaani fungu la bajeti. Mashine huja na mradi. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umegusa maabara nyingi nchini na tunaushukuru. Nasema haya kwa heshima zote. Lakini mradi ukifungwa, mashine huhamia kwenye bajeti ya chuo, nayo haina kasma ya uhakiki. Katika taasisi moja ambayo sitaitaja, ombi la uhakiki lilirudishwa kwa sababu liliandikwa "matengenezo" badala ya "huduma za kitaalamu". Liliporekebishwa, zikadaiwa ankara kifani tatu, ilhali wakala wa mashine hiyo katika ukanda mzima ni mmoja.

Matokeo yake vijana hukimbilia uigaji wa kompyuta. Programu huria kama CalculiX na LAMMPS ni nzuri, nami huzifundisha, ila modeli isiyo na kipimo cha kuisuta haimpi mtu hoja ya kuombea ruzuku. Wengine hutuma sampuli Ulaya, na aliyepima huko ndiye huwa mwandishi wa kwanza. Kwa makala za namna hiyo, cheo cha mhadhiri mwandamizi huchelewa sana.

Mapendekezo

1. Kila chuo kiwe na kasma ya uhakiki wa mashine za maabara, iitwe hivyo hivyo.

2. Mashine isipokelewe bila mkataba wa huduma wa miaka mitano, ekstensomita na seli ndogo ya mzigo.

3. Mafundi sanifu waajiriwe, wapelekwe kwa watengenezaji wakafunzwe, wapandishwe madaraja na majina yao yaingie kwenye makala. Fundi akistaafu bila mrithi, mashine imestaafu naye.

4. Vyuo vya Dar es Salaam, Arusha, Mbeya na Nairobi vipange ratiba moja, ili mhakiki akija mara moja azipitie mashine zote. Gharama kubwa ni safari yake.

5. Anayeandika andiko la ruzuku aweke gharama za uhakiki tangu mwanzo.

6. Kijana anayeitwa kwenye usaili aombe kuona cheti cha mashine kabla ya kuuliza habari za nyumba.

7. Ununuzi wa uhakiki kwa wakala pekee uwekewe utaratibu wake, usingoje ankara tatu.

8. Kasma. Narudia kwa sababu pendekezo la kwanza ndilo hukatwa kwanza.

Fomu ya kuorodhesha mashine za kila idara imegawiwa pamoja na mada hii. Naomba wakuu wa idara waijaze kabla ya chakula cha mchana, na safu ya tarehe ya uhakiki wa mwisho isiachwe wazi. Kama haujawahi kufanyika, andikeni hivyo.